Je, Shauri la Mfanya Kazi wa Mbali Latuhusu?

Liko neno moja ambalo watu hulisema mara nyingi, tena hulisema kana kwamba ni busara iliyokwisha kupimwa. Wakisikia ya kuwa wafanya kazi wa nchi fulani wanashindana na matajiri wao kwa ajili ya ujira, au kwa ajili ya hatari za kazi, husema: "Hayo ni mambo ya nyumba ya watu. Tajiri na mtu wake watapatana wenyewe. Mgeni asitie mkono." Neno hili lina sura ya adabu, maana ni kweli kwamba si vema mtu kuingilia ugomvi wa jirani bila kuitwa. Lakini leo twataka kulipima, tuone kama ni adabu kweli, ama ni uvivu wa moyo uliovaa kanzu ya adabu.

Wala tusilipime kwa maneno matupu. Tutatwaa habari moja iliyotokea kweli na kujulikana duniani kote, nasi tutaifuata hatua kwa hatua.

Katika nchi ya Bangladesh, iliyo upande wa mashariki wa Bara Hindi, watu wapata milioni 4 hufanya kazi ya kushona nguo za kuuzwa ng'ambo, na wengi wao ni wanawake. Nguo hizo hupelekwa Ulaya na Marekani. Na zikiisha kuvaliwa huko, nyingine hufungwa marobota zikaletwa Afrika ya Mashariki, nasi twazinunua sokoni kwa jina la mitumba. Basi huenda hata msomaji wetu amevaa sasa shati lililoshonwa huko.

Katika mji wa Savar, karibu na Dhaka ulio mji mkuu, palikuwa na jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Chini yake palikuwa na maduka na benki, na juu palikuwa na viwanda vitano vya nguo. Ghorofa za juu ziliongezwa bila idhini iliyo halali, na humo ziliwekwa jenereta nzito za umeme. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana katika nguzo na kuta. Mhandisi aliitwa, akazitazama, akasema jengo halifai watu kukaa ndani yake. Nao watu wakatolewa. Siku ya pili, tarehe 24, watu wa benki waliambiwa wasije kazini. Lakini washonaji waliitwa. Walisimama nje kwa hofu, wakibishana. Wengine wakaambiwa ya kuwa asiyeingia atapoteza ujira wake wa mwezi. Wakaingia. Kabla ya saa tatu asubuhi umeme ulikatika, jenereta zikawashwa, jengo likatikisika, likaanguka lote. Waliokufa walikuwa watu 1,134, na walioumia walizidi 2,000. Wako waliokatwa mkono au mguu ili wapate kutolewa chini ya kifusi. Ujira wa chini wa mshonaji siku zile ulikuwa taka 3,000 kwa mwezi, yaani dola 38 hivi za Kimarekani.

Twamwomba msomaji asimame kidogo mlangoni pa jengo lile pamoja na wale washonaji, kabla hawajaingia. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa na macho, nyufa waliziona, na maneno ya mhandisi waliyasikia. Lakini kila mmoja alijua pia hesabu ya nyumba yake: kodi ya chumba, mchele, dawa za mzazi aliyebaki kijijini. Alijua kwamba akikataa peke yake ataondolewa, na kabla ya jua kuchwa mwingine atakuwa amekaa penye cherehani yake. Twaweza kusema alikuwa huru kukataa. Lakini uhuru wake ulikuwa kama wa mtu aliye ndani ya kisima, ambaye hakuna amzuiaye kutoka, ila hana kamba. Hapo ndipo tuonapo ya kuwa neno lile, "watapatana wenyewe", ni neno tupu. Mapatano yataka pande mbili, ambazo kila moja yaweza kusema "hapana" na kesho bado iwe hai. Mtu mmoja na kiwanda hawapatani. Kiwanda husema, mtu huitikia.

Lakini kama wote wangalikataa kwa sauti moja, jengo lingalianguka likiwa tupu. Chama cha wafanya kazi hakina maana nyingine kubwa kuliko hiyo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Chama ndicho vidole vikutanapo. Na mapatano ya pamoja ndiyo kazi ya vidole hivyo. Wafanya kazi huwachagua wasemaji wao, wasemaji huketi na mwenye kiwanda, hushauriana juu ya ujira, na saa za kazi, na usalama. Kisha yaliyokubaliwa huandikwa, nayo huzifunga pande zote mbili. Katika vile viwanda vitano vya Rana Plaza hapakuwa na hata kimoja chenye chama. Maana yake, asubuhi ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyepewa na wenzake amri ya kusimama mbele ya mkubwa na kusema, "Leo hatuingii," kisha arudi penye cherehani yake bila hofu.

Msomaji atauliza: Je, sheria haikuwako? Ilikuwako. Shirika la Kazi Duniani lilianzishwa mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya kwanza, nalo lina desturi ya peke yake: katika mabaraza yake hukaa wajumbe wa serikali, na wajumbe wa matajiri, na wajumbe wa wafanya kazi. Mwaka 1948 shirika hilo lilitoa Mkataba Na. 87, usemao kwamba wafanya kazi na matajiri wana haki ya kuunda vyama vyao pasipo kuomba ruhusa kwanza. Mwaka 1949 lilitoa Mkataba Na. 98, umlindao mfanya kazi asiteswe kazini kwa sababu ya chama chake, na kuhimiza mapatano ya pamoja. Bangladesh iliikubali mikataba yote miwili mwaka 1972, miezi michache tu baada ya kupata uhuru wake. Kwa maandiko, basi, mshonaji wa Savar alikuwa na haki ile ile aliyo nayo mfanya kazi wa Ulaya.

Lakini sheria ya nchi ilitaka watu 30 katika kila 100 wa kiwanda wajiandikishe, ndipo chama kipate kutambuliwa. Tena kabla sheria hiyo haijabadilishwa mwezi wa Julai 2013, majina ya waliotaka kuunda chama yalipelekwa kwa mwenye kiwanda kabla chama hakijapewa cheti chake. Mtu atapandaje mbegu, ikiwa ndege wameonyeshwa kila shimo? Wala hatari haikuwa ya kufukuzwa tu. Aminul Islam alikuwa mfanya kazi wa kiwanda, kisha akawa mtu wa kuwakusanya wenzake na kuwafundisha haki zao. Mwezi wa Aprili 2012, mwaka mmoja kabla ya jengo kuanguka, alitoweka. Na mwili wake ulipoonekana ulikuwa na alama za mateso. Anayejua habari hiyo hawezi kuwalaumu walionyamaza. Sheria iliyoandikwa vizuri lakini haina wa kuisimamia ni kama taa isiyo na mafuta: twaiona ukutani, wala haituangazii.

Hapo ndipo swali letu lilipo. Walio mbali wafanye nini?

Jambo la kwanza tulionalo ni kwamba walio mbali walikuwa wamekwisha kufanya jambo kabla ya msiba, nalo halikufaa. Makampuni ya Ulaya na Marekani yalikuwa na desturi ya kutaka viwanda vikaguliwe, na hata baadhi ya viwanda vya jengo lile vilikuwa vimekaguliwa. Mkaguzi huja na karatasi yake, huuliza maswali yaliyoandikwa, hutia alama, huenda zake. Hakulipwa na mshonaji, wala si mshonaji atakayemwuliza habari za kazi yake. Katika msaada wa namna hii mfanya kazi alikuwa kitu cha kutazamwa, hakuwa mtu wa kusema.

Lakini baada ya jengo kuanguka lilifanyika jambo jipya. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani watu wa kawaida waliyadai makampuni majibu, na mwezi wa Mei 2013 yakatiwa sahihi Mapatano juu ya Moto na Usalama wa Majengo katika Bangladesh. Upande mmoja walikuwa mashirikisho mawili ya vyama vya wafanya kazi vya dunia, IndustriALL na UNI, pamoja na vyama vya Bangladesh yenyewe. Upande wa pili walikuwa wanunuzi wa nguo, ambao baadaye walizidi makampuni 200. Twamwomba msomaji aangalie mambo manne katika mapatano hayo, maana ndiyo yaliyoyatenga na ahadi za zamani. La kwanza, yalikuwa na nguvu ya sheria, hata kampuni isiyotimiza neno lake yaweza kushtakiwa mbele ya waamuzi. La pili, katika kamati iliyoyaongoza, vyama vilikuwa na viti sawasawa na makampuni, na mwenyekiti alitoka Shirika la Kazi Duniani. La tatu, habari za ukaguzi wa kila kiwanda zilitangazwa wazi. La nne, mfanya kazi alipewa haki ya kukataa kuingia katika jengo ambalo ana sababu ya kuliona ni la hatari, pasipo kupoteza ujira wake.

Neno hilo la nne ndilo walilolikosa watu wa Rana Plaza mlangoni.

Viwanda zaidi ya 1,600 viliingizwa katika kazi hiyo, na ndani yake wafanya kazi wapata milioni 2. Wahandisi walikuta makosa maelfu kwa maelfu: nguzo zisizotosha mzigo wake, nyaya za umeme zilizo wazi, milango ya kutokea iliyotiwa kufuli. Baadhi ya majengo yalihamwa, na sehemu iliyo kubwa ya makosa ilitengenezwa. Mwaka 2016 vyama viliyashtaki makampuni mawili mbele ya waamuzi huko The Hague, kwa kuwa hayakufanya yaliyowapasa ili viwanda vyao vitengenezwe. Mashauri yote mawili yaliisha kwa kupatana, na katika moja kampuni ilikubali kulipa dola milioni 2.3. Hayo si maneno ya huruma yasemwayo siku ya mazishi yakasahauliwa; ni deni lililoandikwa, na mwenye kudai alikuwako.

Sasa na turudi kwa wale wasemao mgeni asitie mkono. Twawajibu hivi: mgeni amekwisha kutia mkono zamani. Bei ya shati hutajwa na mnunuzi wa ng'ambo. Siku ya kupakia mzigo huamriwa naye. Mwenye kiwanda akiulizwa mbona ujira ni mdogo, husema bei aliyopewa haina nafasi. Basi mnunuzi ameketi sebuleni siku nyingi. Hawezi kuwa mwenyeji wakati wa faida, akawa mgeni wakati wa msiba. Na sisi tuvaao nguo ile, ingawa twaivaa mwisho wa watu wote, tusiseme hatujui ilikotoka. Wasomaji wetu waijua habari ya msafiri aliyepigwa katika njia ya Yeriko: aliyemsaidia hakuwa mtu wa taifa lake.

Wengine husema: "Mkipiga kelele, wanunuzi watakimbilia nchi nyingine, na mshonaji atakosa hata hicho kidogo." Neno hili si la kudharauliwa. Taka 3,000 ni kidogo sana, lakini kwa mwanamke aliyetoka kijijini asiye na shamba ndizo chakula chake. Ndiyo sababu viongozi wengi wa wafanya kazi wa Bangladesh hawakuomba watu wa ng'ambo waache kununua nguo zao; waliomba wanunuzi wabaki, na wakibaki watie sahihi. Tujifunze hapo. Mtu mwema wa mbali, asiyeuliza, angaliweza kususa nguo zile kwa hasira ya haki, na hasira yake ingalimwangukia yule yule aliyetaka kumponya. Kabla ya kumsaidia mtu, yafaa kwanza kumwuliza ataka asaidiwe namna gani.

Wako pia wenye hofu ya tatu, nao twawaheshimu kuliko wote. Wasema kwamba msaidizi hugeuka kuwa bwana. Hofu hii sisi wa Afrika ya Mashariki twaijua. Mwaka 1955 vyama vya Tanganyika viliungana kuwa shirikisho moja, na katibu wake alikuwa Rashidi Kawawa. Aliyewapa shauri alikuwa Tom Mboya wa Kenya, naye Mboya mwenyewe alikuwa akisaidiwa na vyama vya Ulaya na Marekani. Hata nyumba ya vyama iliyojengwa Nairobi ilipata fedha kutoka Marekani. Msaada ule uliwafaa watu waliokuwa hawana kitu, lakini uliwapa wapinzani nafasi ya kusema kwamba mwenye fedha ndiye mwenye maneno. Kisha mwaka 1964 shirikisho la Tanganyika likavunjwa, na kwa sheria mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho katibu wake mkuu aliteuliwa na Rais, hakuchaguliwa na wafanya kazi. Hapo twajifunza kwamba chama chaweza kunyang'anywa sauti na rafiki wa mbali, na chaweza kunyang'anywa sauti na ndugu wa nyumbani. Kwa hiyo hatari haimo katika umbali wa msaidizi. Imo katika kumsemea mtu awezaye kusema mwenyewe.

Tukilishika neno hilo, twapata kipimo. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje atawale. Yule msaidizi wa njia ya Yeriko alifunga majeraha, akalipa penye nyumba ya wageni, akaenda zake. Hakumfanya mgonjwa kuwa mtumwa wake. Hivyo msaada wa haki kwa wafanya kazi wa mbali ni ule uwawezeshao kukutana, kuchagua wasemaji, na kuketi mezani. Na wakiisha kuketi, msaidizi anyamaze, wao waseme.

Wala tusijidanganye kwamba mambo yote yamekwisha. Mapatano yale yalihusu majengo, hayakuhusu ujira. Desemba 2016 washonaji wa Ashulia, karibu na Dhaka, waligoma wakitaka kuongezewa. Viongozi wa vyama walikamatwa, na wafanya kazi wengi sana wakafukuzwa. Vyama vya ng'ambo vilipaza sauti, na Februari 2017 baadhi ya makampuni makubwa ya Ulaya yalikataa kuhudhuria mkutano mkuu wa wenye viwanda huko Dhaka. Ndipo serikali, wenye viwanda na vyama wakapatana, na waliofungwa wakafunguliwa. Twaona nguvu ya walio mbali: viti vichache vilivyoachwa wazi katika mkutano vilisaidia kufungua mlango wa gereza. Lakini twaona pia mpaka wake. Ujira wa chini ulipandishwa kuwa taka 5,300 mwisho wa mwaka 2013, tena 8,000 mwaka 2018, tena 12,500 mwisho wa mwaka 2023. Na kila mara ulikuwa chini ya walivyodai wafanya kazi wenyewe. Nyumba isiyoanguka ni jambo kubwa, ila haijazi chungu. Hilo la chungu hakuna mgeni awezaye kulimaliza. Litamalizwa na wenyewe mezani, ikiwa wataachwa kuketi.

Basi jibu letu ni hili. Shauri la mfanya kazi wa mbali latuhusu, kwa kuwa kazi ya mikono yake imefika mwilini mwetu. Lakini latuhusu kwa namna moja tu: tumsaidie apate sauti, tusimpokonye kwa kumhurumia.

Na kabla hatujafunga ukurasa huu, tujiulize jambo lililo karibu zaidi. Wengi wetu si wafanya kazi tu, tu matajiri pia, ingawa wadogo. Yuko msichana afuaye nguo zetu na kulea watoto wetu. Yuko kibarua alimaye shamba letu la kahawa au la mahindi. Tulipopatana naye ujira, tulipatana kweli, au sisi tulisema, naye akaitikia? Je, aweza kutuambia, "Kazi hii ni ya hatari," au, "Ujira huu hautoshi," kisha kesho akarudi kazini bila hofu? Kama hawezi, basi mlango wa Savar hauko mbali sana na mlango wetu. Na tuanze hapo.